Kutoka Darini Hadi Uani: Historia Fupi ya Banda la Kuni



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya ngeli, tenzi na methali. Leo twaomba ruhusa ya kuandika juu ya kuni. Huenda msomaji akauliza: Kuni zina historia gani, na historia hiyo yamhusu nini mwalimu wa lugha? Twamsihi avumilie kidogo, kwa maana jambo hili hatukulitafuta vitabuni. Lilitufika shuleni, likatulazimisha kulitafakari.

Shule tunayofundisha iko magharibi mwa Uganda, mahali ambapo mvua kubwa hunyesha tangu Machi hadi Mei. Kama ilivyo katika shule nyingi za nchi zetu, uji na posho hupikwa kwa kuni, na kila mwanafunzi huombwa kuleta mzigo wake muhula unapoanza. Kwa miaka mingi mizigo hiyo ilirundikwa nyuma ya jiko, juu ya udongo mtupu, pasipo paa. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo. Mpishi wetu, mama mtu mzima asiyejua kulalamika, alipuliza moto mpaka akashindwa kufumbua macho. Uji uliotazamiwa saa nne uliiva saa nane, na watoto wa darasa la kwanza, ambao hutoka mapema, walikwenda zao bila kuonja kitu. Tulipolifukua rundo lile tuliona kwamba kuni za chini zimekwisha kuliwa na mchwa, na za katikati zimeota ukungu. Tulisimama kimya. Kila mmoja wetu alijua kwamba kuni zile zilibebwa kichwani na watoto, na wengi wao walikuwa wasichana walioamka kabla ya jua.

Wiki ileile tulikuwa tumeandika ubaoni methali isemayo, "Akiba haiozi." Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, mbona ya shule imeoza?" Hatukuwa na jibu. Jibu lilitoka kwa mzee mmoja, mzazi wa shule, aliyekuja akatukuta tukitupa kuni mbovu. Alisema, "Walimu, zamani kuni hazikulala nje. Zililala ndani pamoja nasi." Maneno hayo ndiyo yaliyotufungulia mlango wa historia tunayotaka kuieleza hapa.

Neno lenyewe

Tuanze na lugha, kwani ndiyo kazi yetu. Kuni ni neno la ngeli ya U–ZI: ukuni mmoja, kuni nyingi. Umoja wake hausikiki mara nyingi, maana ni nani awashaye moto kwa ukuni mmoja? Lakini neno hili si la Waswahili peke yao. Waganda husema enku; Wanyarwanda na Warundi husema inkwi; Wakikuyu husema ngu; Wachewa wa Malawi husema nkhuni; Washona wa Zimbabwe husema huni; na Wazulu wa Afrika Kusini husema izinkuni. Tangu Kampala hadi Durban neno ni lilelile, limebadilika sauti tu. Wataalamu wa lugha za Kibantu hulihesabu miongoni mwa maneno ya kale kabisa, yaliyosafiri pamoja na wahenga wetu walipoanza kutoka upande wa mpaka wa leo wa Nigeria na Kamerun, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Sasa na tulinganishe majina ya mahali pa kuwekea kuni na vitu vingine vya kukaushwa. Hapo umoja ule wavunjika. Wakikuyu wana itara, Waganda wana ekibanyi, Waswahili wana uchaga, na wana pia dari, neno lenye asili ya Kiarabu. Kwa nini kitu chenyewe kina jina moja na hifadhi yake ina majina mengi? Twaona sababu ni hii: ukuni ulikuwa ukuni kila mahali, lakini mahali pa kuuhifadhi palikuwa kiungo cha nyumba, na kila watu walijenga nyumba kwa namna yao. Hapakuwa na haja ya kulitaja "banda la kuni", kwa sababu nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa banda.

Kadhalika kazi za kuni zina msamiati wake, nao yafaa ufundishwe. Kuokota kuni ni kukusanya zilizokwisha kuanguka. Kukata kuni ni kutumia panga au shoka. Kuchanja kuni ni kuzipasua gogo kwa gogo. Kuni zilizofungwa pamoja ni tita. Kata ni duara la majani au la nguo litiwalo kichwani ili mzigo usiumize. Kijinga ni ukuni uliokwisha kushika moto, ambao zamani jirani aliuomba kwa jirani. Mtoto wa mjini ayajuaye maneno haya amejua nusu ya maisha ya bibi yake.

Dari la moshi

Nyumba ya mama wa Kikuyu, kabla ya mageuzi ya karne ya 20, ilikuwa ya mviringo, yenye paa la nyasi, na katikati yake mlikuwa na mafiga matatu. Juu ya moto ule ndipo ilipokuwa itara, yaani kichanja cha fito kilichoshikwa na nguzo za nyumba. Kuni mbichi ziliwekwa huko, na kila siku moto wa leo ulikausha kuni za kesho. Moshi ulipopanda kwenda kutokea katika nyasi za paa, ulifukuza wadudu watoboao miti, ukahifadhi na nyasi zenyewe. Ekibanyi cha Waganda nacho ni kichanja cha juu ya jiko. Hapo hukaushwa nyama, samaki na vinginevyo vya kuwekwa mbali na unyevu. Pwani, uchaga uliwekwa nafaka, na mara nyingi moto uliwashwa chini yake kwa sababu ileile.

Tuelewe hekima iliyokuwamo. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Chukua kuni mbichi za kilo 10: humo mna kilo 5 za ukuni na kilo 5 za maji. Kabla moto haujapasha sufuria, lazima kwanza uyageuze maji hayo yote kuwa mvuke. Ni kama kumwambia mpishi, "Kabla hujabandika uji, chemsha lita 5 za maji mpaka zikauke zote." Kwa hesabu ya fizikia, kazi hiyo pekee hula karibu sehemu 1 kati ya 7 ya joto lote la kuni hizo. Na hasara haikomi hapo. Moto wenye maji ni moto wa baridi. Hauwezi kuunguza gesi zitokazo katika ukuni, nazo hutoka bure zikiwa moshi mzito. Basi moshi uumizao macho ya mama ni kuni ambazo hazikuwaka. Ukuni uliokaushwa vizuri chini ya paa hubaki na maji sehemu 15 hadi 20 tu katika 100. Wazee hawakuwa na mizani ya kupima hayo, lakini walikuwa na itara.

Hatusemi kwamba ya kale yote yalikuwa mema. Nyumba ile ilijaa moshi, na aliyekaa humo saa nyingi zaidi alikuwa mama na mtoto mchanga. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 walikufa duniani kutokana na moshi wa nyumbani. Aidha, kuni kavu zilizoning'inia juu ya moto chini ya nyasi zilikuwa hatari yenye kujulikana. Kwa hiyo kulitoa jiko nje ya chumba cha kulala lilikuwa jambo jema. Kosa letu ni kwamba tulipolitoa jiko tulilisahau dari lake.

Reli, stima na bati

Mwisho wa karne ya 19 kuni za nchi zetu zilipata mlaji mpya asiyeshiba. Mwaka 1881 stima ya kwanza ya Stanley, iliyoitwa En Avant, iliwekwa katika maji ya juu ya mto Kongo. Stima zilizofuata zilikuwa zikichoma kuni. Zilitia nanga jioni, watu wenye mashoka wakashuka pwani ya mto kukata miti hata usiku, na kando ya mto vikawekwa vituo vya kuni. Katika zama za Dola Huru ya Kongo, tangu 1885 hadi 1908, vijiji vingi vya kandokando vililazimishwa kutoa kuni hizo. Huko, rundo la kuni lilikuwa ushuru.

Upande wetu wa mashariki, Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwa Viktoria mwaka 1901. Kwa miongo kadhaa vichwa vyake vya mvuke viliendeshwa kwa kuni, na misitu iliyokuwa karibu na njia ikapungua. Ndiyo maana mwaka 1902 mikaratusi ililetwa Kenya: ulitafutwa mti wa kukua upesi ili kuilisha reli. Nao mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka maili za mraba 1,500 za misitu chini ya Serikali. Msitu uliokuwa wa wote ukapata mwenyewe mwingine.

Majirani zetu Wahabeshi walikuwa wamekwisha kuonja shida hiyo. Mji wa Addis Ababa ulianzishwa mwaka 1886, na haukupita muda mrefu kabla milima yake haijawa mitupu. Mfalme Menelik II alianza kujenga Addis Alem, upande wa magharibi, akikusudia kuuhamishia huko mji mkuu. Mikaratusi iliyoletwa katika miaka ya 1890 ndiyo iliyouokoa mji: ilikua upesi, watu wakaipanda kila mahali, na Addis Ababa ikabaki ilipo. Watu wengi huamini kwamba miji huhama kwa vita au kwa njaa tu. Kumbe hata ukosefu wa kuni waweza kumtikisa mfalme.

Reli ileile iliyokula kuni ndiyo iliyopandisha mabati kutoka pwani. Nyumba ya mviringo ikaiachia nafasi nyumba ya pembe nne yenye matofali na bati. Faida zake twazijua: haivuji upesi, haishiki moto upesi, na panya hawapati nyasi za kulala. Lakini bati halipitishi moshi, na chumba cha bati hakifai kuwa na mafiga. Jiko likatoka likaenda uani, kama lilivyokuwa tangu zamani katika nyumba nyingi za Waswahili wa pwani. Itara haikutoka nalo. Kuni zikabaki hazina kwao. Zikaegemezwa ukutani, zikatupwa chini ya mgomba, zikarundikwa nyuma ya jiko. Hivyo ndivyo rundo la shule yetu lilivyozaliwa. Hatukuwa wavivu tu; tulikuwa warithi wa nyumba iliyopotewa na kiungo chake kimoja.

Miaka ya miti na majiko

Katika miaka ya 1970 ulimwengu ulishtuka kwa kupanda kwa bei ya mafuta. Mwaka 1975 Mmarekani Erik Eckholm aliandika kukumbusha kwamba kwa watu maskini liko tatizo lingine la nishati, nalo ni kuni. Mwaka 1977 Wangari Maathai alianzisha nchini Kenya Chama cha Ukanda wa Kijani baada ya kuwasikiliza wanawake wa mashambani waliosema kuni na maji viko mbali. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mjini Nairobi juu ya nishati mpya na jadidifu, na habari ya kuni ikazungumzwa humo.

Tangu siku hizo tumehimizwa kupanda miti, na tumefundishwa kujenga majiko yanayobana moto. Yote mawili ni mema, na sisi pia tumeyafanya. Lakini kati ya mti na jiko pana safari, na katika safari hiyo ukuni hukaa mahali fulani miezi mingi. Mahali hapo hapakutajwa sana. Apandaye miti 100 kisha akaziacha kuni zake mvuani ni kama mtu atekaye maji kwa mtungi mzuri akayamimina katika ndoo iliyotoboka. Na jambo hili si dogo. Sensa ya Uganda ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba zaidi ya nyumba 9 kati ya 10 zilipikia kuni au makaa.

Banda letu

Tuliporudi katika kikao cha walimu kuomba ruhusa ya kujenga banda, hatukukubaliwa mara moja. Mmoja wetu alisema kwamba fedha ni chache, na chaki hazijanunuliwa. Mwingine alisema kuni ni habari za mpishi, si za walimu. Ndipo mpishi mwenyewe alipoitwa. Hakutoa hotuba. Alisema, "Mimi nitapika kwa chochote mtakachonipa. Ila mtoto akija dirishani kuuliza uji, nawaombeni mje ninyi mumjibu." Baada ya hapo hapakuwa na mabishano.

Tulijenga kwa nguzo 6 za mkaratusi na mabati makuukuu yaliyotolewa katika paa la darasa lililokarabatiwa. Banda lina urefu wa mita 3 na upana wa mita 1 na nusu. Mbele ni refu kuliko nyuma, ili maji ya mvua yateremkie nyuma, na bati limetokeza nje kiasi cha dhiraa moja ili mvua ya upepo isiguse kuni. Tuliliweka mbali kidogo na jiko kwa kuogopa moto, na hatukuliegemeza ukutani, maana mchwa hupenda njia ya kivuli. Nguzo zimesimama juu ya mawe. Sakafu ni kichanja cha fito, shubiri mbili kutoka ardhini: hapo hewa hupita, mchwa huonekana wakianza kujenga njia yao, na nyoka hapati pa kujificha. Kando tatu ziko wazi. Wengine walitaka tuzibe kuta zote. Tulikataa, kwa kuwa kazi ya bati ni kuzuia mvua, na kazi ya kukausha ni ya upepo.

Kuni huchanjwa kwanza, zisizidi unene wa mkono wa mtu, kwa sababu gogo zima hushikilia maji yake chini ya gome. Hupangwa kwa safu, na kati ya safu na safu huachwa nafasi ya kupitisha kiganja. Banda limegawanywa vyumba viwili. Kuni ziletwazo mwezi wa Februari huingia chumba cha kulia, nazo hazichomwi mpaka Septemba. Za muhula mwingine huingia cha kushoto. Hivyo mvua za Aprili hutukuta tukichoma kuni za mwaka uliopita. Wanafunzi wamefundishwa kuujua ukuni mkavu: ni mwepesi, una nyufa katika ncha zake, gome lake hubanduka, na ukigonga viwili pamoja hulia kwa sauti kali, si kwa sauti ya bubu.

Mwaka uliofuata masika yalirudi kama kawaida yake. Uji uliiva saa nne. Baada ya mihula mitatu tuliona akiba inabaki, kwa hiyo tukawaambia wazazi kwamba watoto wa madarasa ya chini hawatadaiwa mizigo tena. Tulipotangaza hayo gwaride la asubuhi, wasichana wadogo walitazamana kana kwamba hawakusikia vizuri, na ilitubidi turudie.

Mzee yule aliyetuambia kwamba kuni zililala ndani alikuja kuliona banda. Alilizunguka, akainama kutazama chini ya kichanja, akashika fito. Kisha akasema, "Hili ni dari. Mmelishusha tu mkalitoa nje." Hatujasikia maelezo bora kuliko hayo. Historia ya nchi zetu tumezoea kuitafuta katika majina ya wafalme na mikataba. Nayo imo humo. Lakini imo pia katika vitu ambavyo bibi zetu walivijenga juu ya vichwa vyetu, nasi tukakua chini yake bila kuviuliza jina.

Kwa hiyo tuna ombi kwa walimu wenzetu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Waulizeni wanafunzi wenu: Kwenu, mahali pa kukaushia kuni paliitwaje, palijengwaje, na ni nani aliyepatunza? Waandike majibu kwa Kiswahili, na jina la asili walihifadhi kama lilivyo. Tuleteeni majibu hayo tuyachape katika toleo lijalo. Maneno haya nayo ni akiba, na wanaoyajua ni wazee.

Ama mwanafunzi aliyetuuliza kwa nini akiba ya shule imeoza, tulimpa jibu lake mbele ya darasa. Tulimwambia kwamba methali haikukosea. Sisi ndio tuliokosea. Kitu kilichotupwa mvuani hakijawa akiba bado. Aliandika hayo katika daftari lake, kisha akauliza kama ni zamu yake kwenda kupanga kuni. Ilikuwa zamu yake.